Mapigo ya rada katika picha ya rangi

SWALI: Nimerekodi mapigo ya rada ya meli (mawimbi ya redio yanayorushwa kwa vipindi vifupi vifupi), lakini grafu yangu ni msitu wa miiba tu. Nitauonaje mpangilio wa muda wake?

JIBU: Ikate rekodi katika vipande vyenye urefu sawa na muda wa kutoka pigo moja hadi jingine, tuseme milisekunde 1, uvipange kimoja chini ya kingine kama mistari, kisha kila nukta uipake rangi kulingana na nguvu ya mawimbi. Ukiukadiria muda huo barabara, mapigo yatasimama wima kama nguzo. Ukikosea kwa mikrosekunde 1 tu (sehemu moja ya elfu ya milisekunde), baada ya mistari 100 nguzo itakuwa imehama mikrosekunde 100, na mwinamo huo ndio utakaokuelekeza kwenye kipimo sahihi. Giza refu katikati lisikushtue: antena inayozunguka mara 24 kwa dakika hukuelekea mara moja tu kila sekunde 2.5.