Kwa mwanangu, kuhusu batalioni ya babu yako

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama babu yako alipigana Burma, kwa kuwa mjukuu wangu anaandika habari zake. Hakufika huko. Watanganyika wa batalioni ya 26 na ya 36 ndio walioteremka bonde la Kabaw katika mvua za 1944. Babu yako alikuwa batalioni ya 6 ya Keya (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na vita vyake vilikuwa Abisinia, yaani Ethiopia ya leo, kisha Madagaska, waliposhuka Majunga Septemba 1942 na kupanda hadi Antananarivo.

Lakini alilotaka sisi tulijue ni Colito, huko Abisinia. Tarehe 19 Mei 1941 kombania mbili za batalioni yake ziliuvuka mto Billate kwa kushtukiza, zikashika ng'ambo bila mzinga hata mmoja wa kuzuia vifaru, na Waitaliano wakawajia kwa vifaru. Sajini Nigel Leakey alikirukia kimoja, akafungua mfuniko kwa nguvu, akawapiga risasi waliokuwamo, kisha akauawa akijaribu kukivamia kifaru kingine. Alipewa Msalaba wa Viktoria baada ya kufa, na aliustahili. Hata hivyo nimekuambia tangu utotoni na ninarudia: mto ule ulivukwa na kombania mbili, haukuvukwa na mtu mmoja.

Kwa ajili ya siku hiyo kambi ya Dar es Salaam iliitwa Colito. Januari 1964 maasi yakaanzia humo humo, askari wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Jeshi lile la Tanganyika likavunjwa, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaundwa Septemba, na baadaye kambi ikaitwa Lugalo. Ndipo jirani yetu, yule unayemjua, aliposema barazani mbele ya wageni kwamba ni heri jina lile limefutwa, kwa kuwa watu wa Keya walimpigania mkoloni tu. Babu yako alimaliza kummiminia kahawa, akamjibu kwa adabu, "Waliozikwa Colito ni wa kwetu pia." Hakuna aliyeitikia, na kimya kile cha watu wazima waliomfahamu kinanichoma hadi leo.

Najua Lugalo ndipo Wahehe wa Mkwawa walipowashinda Wajerumani mwaka 1891, na jeshi la taifa huru lilihitaji jina la namna hiyo. Ningekuwa na madaraka, huenda ningelichagua mimi mwenyewe. Lakini je, bamba dogo langoni lingemdhuru nani? Kwa upande mwingine, serikali iliyotoka kuasiwa ingewezaje kutunza kumbukumbu za jeshi lililoiasi? Ila waliovuka Billate si walioasi. Basi, sitaki kuwahukumu waliokuwa wakiijenga nchi, ingawa ulimi unaniwasha.

Mwambie mwanao aandike Billate kwanza, kisha Majunga. Burma awaachie wa 26 na wa 36, kwa maana nao wana haki yao.

Baba yako