Supu ya Jumamosi imenipa wateja kuliko semina

Mkuu mleta mada, umesema mwaka huu umeingia semina tatu, umerudi na kadi za biashara mfuko mzima, na ukipiga simu hapokei mtu. Nimepita humo humo. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea hapa Dar, halafu nina aibu. Kwenye kumbi za hoteli nilikuwa naganda karibu na meza ya chai mpaka watu watawanyike.

Nikaamua kuita watu mwenyewe. Mara ya kwanza nilichemsha. Nilirusha tangazo kwenye magrupu ya WhatsApp, ishirini wakajibu "nipo", wakaja wanne, tena baa yenye muziki wa kuongea kwa ishara. Mmoja wao akaanza kutuuzia bima.

Mara ya pili ilikuwa Juni, bajeti imetoka kusomwa bungeni. Nikapiga simu kwa mtu mmoja mmoja, wanane tu: "Kaka, Jumamosi saa tatu asubuhi njoo kwangu Sinza tunywe supu, tuone kodi mpya zinatugusa wapi kabla ya Julai mosi." Ukimwambia mtu "tukutane tufahamiane" atapata udhuru. Likiwa jambo la mfuko wake, anakuja na foleni ya Shekilango juu.

Walikuja saba. Wife kapika chapati, supu nikagawa mwenyewe, na aibu yangu ikaishia hapo, maana mwenye bakuli mkononi hatafuti la kusema. "Mzee, pilipili niongeze? Halafu huyu ndiye seremala wa Keko niliyekuambia, si ulikuwa unataka makabati ya ofisi?" Mzee yule, wakala wa forodha, akabeba bakuli lake wakahamia chini ya mwembe na seremala. Saa tano bado wanachora vipimo nyuma ya bahasha.

Kazi yangu sikuigusia kabisa. Mwezi uliofuata mzee akanipigia: shemeji yake ana kampuni, tarehe 30 Juni imempita na hesabu za mwaka hajapeleka TRA, mamlaka ya mapato. Wateja wangu wengi wanakuja kwa mtindo huo. Aliyekunywa supu hanipi kazi, ananipa ndugu yake.

Kama wageni wako ni wafanyabiashara, usiite karibu na tarehe 7 wala 20. Hizo ndizo siku za mwisho za PAYE (kodi ya mishahara) na VAT (kodi ya ongezeko la thamani), zinawanyima usingizi. Wakizidi kumi wanagawanyika vikundi kama harusini. Mchango usichangishe, watu wana kadi za harusi za kuwatosha. Na kesho yake mpigie kila uliyemwahidi kitu, hata kama ni namba ya fundi tu. Hapo wengi wanalala.

Nyumba ikiwa ndogo, ongea na mama ntilie akutengee meza asubuhi kabla wateja wake hawajajaa. Mimi nilihamia huko baada ya mwenye nyumba kulalamika kuwa magari ya wageni wangu yanamzibia geti. Siku hizi naye namwalika.