Nahau za Kiingereza: Kujua Maana Pekee Hakutoshi

Kwa miaka mingi nilijifunza nahau za Kiingereza kwa njia ambayo wengi wetu tulifundishwa: safu moja ya nahau, safu ya pili ya maana, kisha jaribio. Majaribio hayo niliyafaulu vizuri, nikaamini kwamba kazi imekwisha. Kisha siku moja mkuu wangu wa kazi aliniandikia kwamba takwimu tulizoletewa na idara nyingine nizichukue "with a grain of salt", nahau ambayo haikuwamo katika orodha zangu. Nilichokijua ni chumvi ya Kiswahili, ambapo anayetia chumvi ni yule anayeikuza habari, na aliyekula chumvi nyingi ni aliyeishi miaka mingi. Nikadhani nimeagizwa kuzikoleza takwimu zile ili zimvutie msomaji, nikaandika ripoti ya kuzisifu. Kumbe nilikuwa nimeambiwa nizipokee kwa tahadhari, nisizisadiki zote. Ripoti ilirudishwa, nami nikakesha nikiiandika upya.

Kosa hilo lilinifundisha kwamba hatari kubwa zaidi haimo katika nahau isiyofanana na chochote tunachokijua, kwa kuwa hiyo hutulazimisha kuuliza. Hatari imo katika nahau inayotumia kiungo, mnyama au kitu ambacho Kiswahili nacho kimekipa maana yake ya pekee, kwa sababu hapo tunajiona tumeelewa kabla hatujaelewa.

Hata hivyo, Kiswahili chenyewe kilinisaidia nilipoanza upya, kwa kuwa mzungumzaji wa Kiswahili anajua tayari jinsi nahau inavyofanya kazi, ila hajawahi kuambiwa kwamba anajua. Tukisema msichana amevunja ungo, kila mtu anaelewa kwamba amebaleghe; tukisema ungo umevunjwa na msichana, msikilizaji anaanza kuwaza juu ya nafaka na nani atalipa. Maneno ni yaleyale, lakini umbo limebadilika na maana imetoroka. Ndivyo ilivyo kwa "kick the bucket", yaani kufa. Ukiigeuza kuwa "the bucket was kicked", au ukiiweka ndoo katika wingi, kinachobaki ni ndoo iliyopigwa teke. Lakini zipo nyingine zinazokubali kugeuzwa: "spill the beans", yaani kufichua siri, yaweza kuwa "the beans were spilled" na isiharibike. Orodha ya safu mbili haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Kinachoionyesha ni sentensi nzima, na ndiyo sababu siku hizi siandiki nahau peke yake katika daftari langu.

Jambo la pili ambalo orodha huficha ni heshima ya maneno, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Katika Kiswahili hakuna anayekwenda msibani akamwambia mfiwa kwamba baba yake amekata kamba. Atasema ameaga dunia, au amefariki, ingawa kamusi ingeweza kuyaeleza yote kwa neno moja tu, kufa. Sasa tazama wanafunzi wangapi wamefundishwa "kick the bucket" bila kuelezwa kwamba ni usemi wa utani, na kwamba katika salamu za rambirambi ungemjeruhi anayezisoma. Hapo panatakiwa "pass away". Kwa hiyo unapofungua kamusi nzuri ya wanaojifunza lugha, usiishie kwenye maana. Soma pia ile alama ndogo inayosema kwamba usemi ni wa mazungumzo ya kawaida, wa kizamani au wa kuudhi. Mimi niliiruka alama hiyo kwa miaka mingi, na najuta.

Tofauti za nchi nazo zipo, ingawa nyingi hazina madhara. Mwingereza husema "a drop in the ocean", yaani kitu kidogo mno kulinganisha na kinachohitajika, pale ambapo Mmarekani husema "a drop in the bucket", na wote wawili wanaeleweka. Neno la kuchunga ni "table" katika mikutano, kwa sababu Uingereza kuiweka hoja mezani ni kuileta ijadiliwe, ilhali Marekani ni kuiahirisha.

Kuhusu asili za nahau, ushauri wangu ni kuzifuatilia kwa kiasi. Zilizotoka katika Biblia humfaa sana msomaji wa Kiswahili, maana hukutana na jamaa zake: "the apple of my eye" ni mboni ya jicho ya Kumbukumbu la Torati 32:10, na lile tone la maji katika ndoo limo katika Isaya 40:15. Lakini intaneti imejaa hadithi tamu zisizo na ushahidi. Ile inayodai kwamba "raining cats and dogs", yaani mvua kubwa kunyesha, ilianza kwa sababu paka na mbwa walikuwa wakiteleza kutoka kwenye mapaa ya nyasi wakati wa mvua, haina msingi wowote. Na usemi wenyewe, ambao vitabu vya kufundishia huupenda mno, mimi nimeusikia mara chache sana katika vinywa vya Waingereza; wao husema tu "it's pouring".

Utaratibu ninaoufuata sasa ni wa polepole. Ninapokutana na nahau mpya, naandika sentensi nzima, aliyeisema, aliyeambiwa, na hali waliyokuwamo, kama walikuwa wanataniana au wanajadili jambo rasmi. Kisha nangoja. Mpaka niikute tena mara mbili au tatu kwa watu tofauti, naielewa lakini siitumii, kwa kuwa kuelewa nahau nyingi ni lazima, ilhali kutumia chache kunatosha kabisa. Katika barua rasmi mara nyingi situmii hata moja, na barua haiharibiki kwa hilo. Na mtu akinitamkia nisiyoijua, namwuliza hapo hapo anamaanisha nini. Mkuu wangu wa kazi angenijibu kwa sentensi moja.