Je, sabuni inayotengenezwa na bakteria inaweza kuzuia ukungu wa nyanya?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa nyanya, na kila mvua zikikolea baka jani chelewa hunimalizia shamba. Nimesikia kuna bakteria wanaotoa kitu kama sabuni, eti kinaua ukungu na hakiachi sumu kwenye tunda. Ni kweli? Na nikipuliza sabuni ya kuoshea vyombo, si itakuwa ni yaleyale?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Ni kweli, ila faida yake utaipata ukipuliza kabla ugonjwa haujaingia ndani ya jani. Ukishaona mabaka, kwa majani hayo umechelewa.

Vitu hivyo vinaitwa baiosafaktanti. Kila molekuli ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Utando wa seli umejengwa kwa mafuta, kwa hiyo molekuli hizi hujipenyeza humo, utando ukatoboka na vilivyomo vikavuja.

Kwa ugonjwa unaokusumbua, ya kuangalia kwanza ni ramnolipidi, inayotolewa na bakteria Pseudomonas aeruginosa. Kimelea cha baka jani chelewa, Phytophthora infestans, tunakiita ukungu kwa mazoea, lakini kinasaba si kuvu halisi. Jani likilowa na kukiwa na baridi, vifuko vyake vya uzazi huachia zuspora, chembe ndogo mno zenye mikia miwili, zinazoogelea kwenye maji yaliyotanda juu ya jani zikitafuta pa kuingilia. Wakati huo hazina ukuta wa seli. Zimefunikwa na utando mtupu. Mwaka 1997 watafiti Stanghellini na Miller walionyesha kuwa ramnolipidi, miligramu 5 hadi 30 tu kwa lita, huzifanya zuspora za vimelea wa jamii hii ziache kuogelea na kupasuka katika muda usiozidi dakika moja.

Nafasi hiyo ni fupi. Zuspora ikishatua na kujijengea ukuta, dawa ileile hupungua nguvu sana, na kimelea kikishaingia ndani ya jani dawa ya juujuu haikifikii. Tena hali ya hewa ikiwa na joto kiasi, vifuko huweza kuota moja kwa moja bila kutoa zuspora. Ndiyo maana wakulima wawili hupuliza dawa moja, mmoja akaisifu na mwingine akailaani.

Kundi la pili linatoka kwa Bacillus subtilis na jamaa zake, na kwa maoni yangu ndilo lenye manufaa mapana zaidi shambani. Hawa hutoa safaktini, iturini na fengisini. Safaktini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1968, hushusha mvutano wa uso wa maji, yaani nguvu inayofanya maji yajikusanye kuwa matone, kutoka milinyutoni 72 kwa mita hadi 27 hivi, kwa takriban miligramu 20 katika lita. Hata hivyo, kulegeza maji na kutoa povu kama sabuni si kipimo cha makali ya kuua kuvu. Dhidi ya kuvu halisi, kama Fusarium wa mnyauko na ukungu wa kijivu, wanaofanya kazi kubwa ni iturini na fengisini. Iturini hushikana na steroli, aina ya mafuta iliyomo kwenye utando wa kuvu, na kufungua matundu. Safaktini nayo humsaidia bakteria kutanda kwenye mizizi na huamsha kinga ya mmea wenyewe. Kwa hiyo bidhaa yenye Bacillus hai inafaa kuanza kutumika mapema, miche ikiwa bado kitaluni.

Sabuni ya vyombo haichukui nafasi hiyo. Inaweza kuondoa nta inayolinda jani na kuliunguza, na haikupimwa kwa kazi hiyo.

Na ninakusihi, usijaribu kumzalisha Pseudomonas aeruginosa kwenye ndoo nyumbani. Huyu huambukiza vidonda, macho na mapafu, na antibiotiki nyingi hazimwezi. Dawa ya ramnolipidi iliyo salama ni ile iliyochujwa kiwandani, isiyo na bakteria hai.

Ukipuliza, lowesha majani pande zote mbili, hasa chini, na rudia baada ya mvua kubwa kwa sababu dawa huoshwa. Jioni ni bora kuliko jua kali. Yenye bakteria hai usiichanganye na dawa za shaba wala dawa ya kuua bakteria, isipokuwa lebo imeruhusu. Usiongeze dozi pia, kwani baiosafaktanti zikizidi huunguza majani.

Mvua na baridi vikifululiza siku nyingi, usiitegemee peke yake. Ipishanishe na dawa zako za kawaida za ukungu, punguza majani ya chini yanayogusa udongo, na mwagilia kwenye shina. Dukani soma kwanza lebo: kama haitaji nyanya na baka jani chelewa, usiinunue kwa ajili ya tatizo hili.