Ukienda Gede na Watoto, Mchukue na Bibi Yao

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu kwenye magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili ulio msituni karibu na Malindi, tulirudi Malindi saa nane mchana sote tumenuna. Nilikuwa nimejipanga kama mwalimu wa zamu. Kila kibao nilikisoma kwa sauti, kila karne niliitaja, na kila aliyeomba maji nilimwambia asubiri tumalize Jumba la Mfalme kwanza. Kitinda mimba alilala chini ya mbuyu. Kifungua mimba, ambaye shuleni anasifiwa kwa somo la historia, aliniambia tukiwa ndani ya matatu: "Mama, zile ni kuta tu."

Nilikasirika, lakini jibu sikuwa nalo.

Safari ya pili mamangu alijialika mwenyewe. Alituona na vikapu mlangoni, akauliza mwenda wapi, na kabla sijamaliza kujibu keshavaa buibui. Yeye ni Mwamu, mtu wa Lamu, kazaliwa na kulelewa katika nyumba ya mawe kule mtaa wa Mkomani. Magoti yanamsumbua, nami kimoyomoyo nilisema huyu atatuchelewesha. Alituchelewesha kweli. Tulitembelea nyumba mbili, msikiti na kaburi moja kwa muda ambao awali tuliumalizia mji mzima, na watoto hawakuuliza hata mara moja tutarudi saa ngapi.

Alichofanya ni kuingia kwenye gofu la nyumba kama anayeingia kwa jirani. "Hodi," akasema, mlango wenyewe haupo. Kisha: "Ndooni hapa muone. Hiki kiwanda, nguo zaanikwa hapa. Huu msana. Kule nyuma ndani, mgeni hafiki. Na choo kile pale." (Kwa Kiamu kiwanda ni ua wa nyumba, msana ni sebule ndefu inayouelekea, na ndani ni chumba cha wenyewe.) Hakusoma kibao. Wale watu waliuhama mji wao mwanzoni mwa karne ya 17, na yeye alijua walikojisitiri kwa kuwa nyumba ya babake ilipangwa vivyo hivyo, kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenye nyumba, chumba baada ya chumba.

Wangu wa kati akauliza mbona vyumba ni vyembamba, mtu tajiri akae kwenye ujia? Swali zuri kuliko yote niliyowahi kumuuliza mimi. Bibi yake akamwambia apime kwa hatua, upana kisha urefu, chumba baada ya chumba. Urefu ulibadilika, upana ulikuwa karibu ule ule. Ni boriti. Dari la mawe na chokaa ni zito mno, nalo lilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko una urefu wake wa kuweza kubeba mzigo huo bila kupinda. Basi fundi alikuwa huru kukirefusha chumba atakavyo, ila upana aliamriwa na mti. Tangu siku hiyo yule mtoto kila nyumba ya zamani anayoingia huanza kuhesabu hatua, mpaka kwa watu tunakokwenda kupeana pole.

Wakauliza pia unga ulisagwa wapi na mafuta yalitoka wapi. Hapo mamangu akaacha Gede kabisa akaenda zake Lamu, kwenye kinu cha mafuta ya ufuta kilichozungushwa na ngamia aliyefungwa macho, azunguke kutwa nzima asijue kwamba hajafika popote. Nilitaka kumrudisha kwenye mada, nikajizuia. Watoto walikuwa wamekaa chini kwenye majani makavu, kimya, na kitinda mimba kashafumba macho anazunguka.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huo. Mpeleke mzee, nawe unyamaze. Kama bibi hana magoti ya kufika, chukua mtu wa kuwaongoza pale langoni, lakini mwambie mapema kwamba mwataka sehemu chache. Eneo lililozungukwa na ukuta wa nje ni kama ekari 45. Huwezi kulimaliza na mtoto wa miaka mitano, na hakuna anayekudai ulimalize. Mimi huwaacha wao wachague nyumba kwa jina. James Kirkman, aliyeanza kufukua pale mwaka 1948, aliziita nyumba nyingi kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: kuna ya mkasi, ya taa ya chuma, ya kauri, ya ushanga wa Venice. Mtoto akiisikia "nyumba ya mkasi" keshaanza kujiuliza nani aliusahau.

Msikitini mamangu alivua viatu. Hapana paa, sakafu imejaa majani, na hakuna aliyemwambia avue. Watoto walimtazama, wakavua. Mihrabu ingalipo, na juu ya mlango mmoja upande wa mashariki pamechongwa mkuki. Kwenye lile kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, alisoma Fatiha. Nilikuwa nimezoea kuwapigia watoto kelele wasipande makaburi. Siku ile hapakuwa na haja.

Sasa ya njiani. Kutoka Malindi ni kama kilomita 16, matatu za kwenda Watamu au Mombasa zinakushusha Gede, na pale njia panda tuktuk hazikosi. Beba kitambulisho, kwa kuwa mwenyeji hulipa kidogo kuliko mgeni. Ondokeni asubuhi mapema. Msitu una kivuli lakini kaskazi ikikolea upepo haupenyi mle. Mimi hupenda likizo ya Agosti, kusi bado inavuma na kuna ubaridi. Masika achana nako, mbu watawabeba. Vaeni viatu vya kufunika vidole kwa ajili ya siafu na mizizi. Na visima ni virefu, mkamate mdogo mkono, hapo usimwachie hata bibi.

Mkibaki na nguvu, ndani ya kiwanja hicho hicho kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi na kuuza pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kwenye ganda kabla ya kuwa vipepeo, wanaosafirishwa nje. Kwa watoto wangu hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko sultani yeyote: kwamba mtu anaweza kulipa karo ya shule kwa vipepeo.

Chakula nakiacha mwisho kwa sababu kinaniudhi. Kima wa Gede hawana aibu. Safari ya kwanza nilitandika mkeka, nikafungua mfuko wa mahamri, nikageuka kumimina chai, na niliporudisha uso mfuko ulikuwa juu ya ukuta wa karne ya 15 unaliwa taratibu, bila haraka, macho kwangu. Siku hizi mahamri hukaa ndani ya ndoo yenye mfuniko, na ndoo hukaa mapajani pa mamangu, bakora ikiwa kando. Kima huja, humtazama, hurudi zao mtini.