Petroli haidekiwi

Nimesimamia wafanyakazi wa usafi kwenye majengo ya ofisi hapa Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na muda mrefu niliamini nawafundisha vizuri: kipimo cha sabuni, dekio la chooni lisiingie jikoni, kibao cha tahadhari sakafu ikiwa na maji. Petroli sikuwahi kuitaja hata siku moja.

Asubuhi moja umeme ulikatika. Fundi alikuwa anajaza jenereta dogo, dumu likamponyoka mlangoni mwa stoo. Mama mmoja wa usafi, mchapakazi kuliko wote, akafanya kile mikono yake ilichozoea: akaleta ndoo ya maji na dekio. Petroli ni nyepesi kuliko maji, basi ikaelea juu yake, ikasambaa, ikashika korido kuelekea chumba cha chai ambako jiko la gesi lilikuwa linawaka. Mlinzi alinusa harufu akawahi kulizima. Nilipofika, yule mama alikuwa anatetemeka. "Mwanangu, mimi nilikuwa nasafisha tu," aliniambia. Alisema kweli. Kosa lilikuwa langu.

Kitu cha kwanza kuwaeleza ni kwamba kinachowaka ni mvuke. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa: hutambaa sakafuni, hutuama kwenye mitaro, na ukikutana na moto mbali huko, moto hurudi nao hadi pale ilipomwagika. Spiriti ya asilimia 70, ile ya zahanati, huweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 17 hivi, na Dar huwa na joto zaidi ya hilo karibu mwaka mzima. Tina ya rangi iwekeni kundi hilohilo. Dizeli ina nafuu kidogo, ila nayo haioshwi kwa maji.

Lakini maelezo peke yake hayatoshi, kwa sababu mikono haisikilizi semina. Siku hizi namwaga maji yenye rangi uani bila kumwambia mtu, kisha napiga kelele: "Petroli!" Mara ya kwanza karibu wote walikimbilia ndoo. Tulirudia kila wiki mpaka mikono ikasahau ndoo. Sasa wanapaza sauti, wanatoa watu, wanafungua milango na madirisha, na hakuna anayegusa swichi. Hata kuzima taa au pangaboi ni kosa, maana cheche hutoka ukiwasha na ukizima. Chupa ndogo ya spiriti wanaifunika kwa mchanga mkavu kutoka kwenye ndoo yenye alama nyekundu, wanazoa kwa kizoleo cha plastiki. Pumba za mbao hapana, zenyewe ni kuni. Likiwa dumu zima, wanaondoka na kupiga 114, Zimamoto. Hilo la kuondoka ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu mfanyakazi wa usafi anaogopa kuitwa mvivu. Mwambie mbele ya bosi wake kwamba ana ruhusa. Mimi nilimwomba meneja aje katikati ya zoezi, na yule mama akasimama mlangoni mikono ameitanua: "Baba, hupiti." Meneja akarudi nyuma mbele ya wote.

Kama wafanyakazi wako ni wa kampuni ya nje, msitupiane mpira. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na moto hauulizi mkataba wa nani.

Kisha fuatilieni vitambaa, mchanga na nguo zilizolowa. Siku ile, mchana, nililikuta lile dekio limeanikwa nyuma ya jiko la chai. Sasa tuna debe la bati lenye mfuniko, linakaa nje, mbali na wavuta sigara.