Tilandisia ndani ya nyumba: kuinywesha ni rahisi, kuikausha ndiko kwenye kazi

Tilandisia nyingi zinazofia majumbani huoza muda mrefu kabla hazijaona kiu. Mtu ananunua mmea, anaambiwa unaishi kwa hewa tu, anaunyunyizia maji kidogo kila jioni na kuurudisha ndani ya kombe au tufe lake la kioo. Wiki chache baadaye anaugusa, na majani ya katikati yanang'oka yote kwa mkupuo, kitako kikiwa cheusi, laini, chenye harufu. Kwa juu ulikuwa bado wa kijani. Ukifika hapo hakuna dawa, kwa sababu kilichooza ni kile kiini ambacho majani mapya yanatokea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushauri huu ni juu ya maji na namna ya kuyaondoa.

Tilandisia ni ukoo mmoja na nanasi. Zipo spishi zaidi ya 600, na asili yake ni Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina na Chile. Afrika haina tilandisia ya porini; katika ukoo mzima wa nanasi, mmea mmoja tu ndio wenye asili ya bara letu, Pitcairnia feliciana wa Guinea. Huko kwao tilandisia huota juu ya matawi, kwenye miamba, hata kwenye nyaya za umeme. Mizizi kazi yake ni kujishikiza, na unaweza kuikata bila kuudhuru mmea. Kunywa ni kazi ya majani, ambayo yamefunikwa na magamba madogo mno. Chukua Tillandsia ionantha iliyokauka, ya kijivu, uitumbukize majini: ndani ya sekunde chache rangi ya fedha inapotea na jani linakuwa kijani kibichi. Magamba yamelowa na yamelala, mwanga sasa unapita hadi kwenye jani lenyewe. Jani likirudi kuwa la kijivu, ujue limekauka kwa juu. Hicho ndicho kipimo chako cha kila siku.

Magamba hayo pia yanakuambia mmea unataka nini. Ukiwa na magamba mengi, mweupe-mweupe na mgumu, umetoka sehemu kavu: unavumilia mwanga mkali na unataka kukauka haraka. Ukiwa wa kijani na laini, umetoka kwenye misitu yenye unyevu: unataka maji mara nyingi zaidi na kivuli zaidi.

Kunywesha kwenyewe ni hivi. Jaza beseni maji ya joto la kawaida la chumbani. Zamisha mmea mzima, kichwa chini, dakika 20 hadi 30. Ukiwa na ua lililochanua, liache nje ya maji, maana huoza upesi. Toa mmea, ushike kitako kikiangalia juu na uukung'ute kwa nguvu mara tatu au nne, mpaka matone yaache kutoka katikati. Kisha ulaze kichwa chini au ubavu juu ya waya, chujio au taulo kavu, mahali penye upepo. Uwe umekauka kabisa ndani ya saa nne, na kabisa maana yake ni pamoja na pale chini majani yanapokutana. Penye hewa nzito washa feni kwa mbali, mwendo mdogo. Usiurudishe kwenye chombo chake kabla ya hapo.

Fanya kazi hii asubuhi. Mimea mingi hufungua matundu ya majani mchana. Tilandisia nyingi huyafunga mchana ili zisipoteze maji, halafu usiku huyafungua kuvuta hewa ya ukaa zitakayoitumia kesho yake. Ukiulowesha jioni, utando wa maji unaziba jani saa ile ile linapotaka kupumua, na baridi ya usiku inachelewesha kukauka. Ukiloweka saa mbili asubuhi, hata siku ya mawingu mmea utakuwa mkavu ifikapo adhuhuri.

Mara ngapi? Inategemea unaishi wapi kuliko inavyotegemea kalenda. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, kwenye nyumba ya madirisha wazi, mara moja kwa wiki inatosha, na zile za kijivu zinaweza kuchovywa tu na kutolewa. Wakati wa masika, hewa ikiwa imeshiba maji, punguza tena. Nairobi, Arusha au Iringa miezi ya kiangazi, loweka mara moja kwa wiki na uongeze kuchovya haraka katikati ya wiki. Chumba chenye kiyoyozi cha kutwa, iwe ofisini Dar au nyumbani Muscat, ni kikavu kuliko unavyodhani: loweka mara mbili kwa wiki, na mmea usikae mbele ya pumzi ya kiyoyozi. Kunyunyizia kwa chupa ni nyongeza tu, hakuchukui nafasi ya kuloweka.

Kuna zinazovunja kanuni hii. Tillandsia xerographica, ile kubwa yenye majani yanayojiviringa, huhifadhi maji kati ya majani yake. Ichovye tu, kung'uta, na uikaushe kichwa chini. Tillandsia tectorum ya milima ya Ecuador na Peru, yenye manyoya meupe, haitaki kulowekwa kabisa. Inyunyizie mara moja kwa wiki. Tillandsia bulbosa na caput-medusae zina kitako kilichovimba chenye uwazi ndani. Huko porini kwao sisimizi huishi humo. Maji yakiingia hayatoki kirahisi, hivyo chovya majani tu, kitako kibaki juu. Na Tillandsia usneoides, ile inayoning'inia kama ndevu, ni nyembamba na hukauka haraka: ichovye mara mbili au tatu kwa wiki, na usiifunge kwenye fungu nene, kwa sababu nyuzi za ndani hazipati hewa na hugeuka nyeusi.

Maji ya mvua ndiyo bora. Yakinge kwa beseni lililowekwa wazi uwanjani kuliko kwenye mfereji wa paa la bati tupu, kwa kuwa bati limepakwa zinki, na zinki ikizidi ni sumu kwa ukoo huu. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Maji ya kisima ya pwani yenye chumvi usiyatumie. Kama birika lako linashika utando mweupe ndani, utando huo huo utabaki juu ya majani na kuziba magamba. Changanya na maji ya mvua nusu kwa nusu. Na maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi, ingawa yanaonekana safi, yamepita juu ya mabomba ambayo mara nyingi ni ya shaba.

Shaba inaweza kuua tilandisia hata ikiwa kidogo. Usifunge mmea kwa waya wa shaba, usiuweke juu ya mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa yenye shaba, na usipulizie mrututu wala dawa yoyote ya ukungu ya shaba, zile wanazotumia wakulima wa kahawa na nyanya. Ukitaka kufunga, tumia mshipi wa kuvulia au uzi wa nailoni. Gundi ya silikoni inafaa, isiwe ile ya bafuni iliyotiwa dawa ya ukungu, na uipake kwenye mizizi au upande wa kitako, usifunike kitako chote.

Mahali pa kuuweka, kifuu kilichotobolewa chini ni kizuri kuliko makumbi ya nazi, ambayo hubaki na maji kwa siku nzima. Kombe la baharini nalo litobolewe. Gogo lililookotwa ufukweni lina chumvi: lizamishe kwenye maji baridi wiki moja au mbili ukibadilisha maji kila siku, kisha likauke juani. Tufe la kioo lenye tundu dogo ni pambo zuri na makazi mabaya. Kama huna budi, mmea uingie humo ukiwa mkavu tu. Usiuzike kwenye udongo wala kwenye mosi mbichi, ile mimea midogo laini inayoota kama zulia penye unyevu.

Mwanga unaofaa ni wa dirisha la mashariki, mmea ukiwa nusu mita hadi mita moja kutoka kwenye kioo. Jua la asubuhi halina shida. La magharibi, kuanzia saa nane mchana, linaunguza na kuacha mabaka ya rangi ya majani makavu yasiyopona. Kwetu karibu na ikweta dirisha la kaskazini hupigwa na jua kama Juni na Julai, na la kusini kama Desemba na Januari, kwa hiyo mmea uliokuwa salama unaweza kuungua bila wewe kuusogeza. Joto la nyuzi 10 hadi 32 linatosha.

Mbolea ni mara moja kwa mwezi, ndani ya maji ya kuloweka, robo ya kipimo cha kwenye pakiti. Ikisema gramu 4 kwa lita, tia gramu 1. Chagua ya okidi ambayo naitrojeni yake kubwa si urea, na usome orodha ya madini kuona shaba ni ndogo kiasi gani. Ikizidi, ncha za majani huungua.

Sasa dalili. Majani kukunjika kwa urefu kama mfereji ni kiu: loweka mara moja kwa muda wa saa nne hadi sita, kisha rudi kwenye ratiba. Ncha kukauka ni hewa kavu au chumvi. Kata kwa mshazari. Majani mawili matatu ya nje kufa ni kawaida, yavute. Vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, waguse mmoja mmoja kwa pamba yenye spiriti, na usuuze mmea baada ya dakika chache.

Ionantha ikianza kuwa nyekundu katikati, inakaribia kutoa maua yake ya zambarau. Kila mmea huchanua mara moja, kisha hutoa machipukizi kitakoni na mama hudhoofika polepole, mara nyingi kwa muda wa mwaka au zaidi. Usimtupe mapema, kwani ndiye anayewalisha. Chipukizi likifika theluthi moja hadi nusu ya ukubwa wa mama, lishike chini kabisa na ulizungushe taratibu. Likigoma, tumia kisu kilichopanguswa kwa spiriti, na kidonda kikauke siku mbili kabla ya kuloweka. Ukiyaacha pamoja, yatafanya kichaka, ila kichaka kinene huchelewa kukauka: ongeza muda wa feni.

Unaponunua, bonyeza kitako: kiwe kigumu. Muulize muuzaji kama mmea umekuzwa kitaluni, hasa xerographica, ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Na kabla ya kuagiza kutoka nje, ulizia kibali kwenye mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, ili mzigo usizuiliwe mpakani siku kadhaa ndani ya boksi lisilo na hewa.